Amenyamaza, Hajapona

Fundi wa stima hakugusa mashine mbovu siku ya kwanza. Ungemletea lori lililozima taa, au redio inayokatika katikati ya habari, naye angetafuta debe tupu, akaligeuza, akaketi na kuiangalia kama mtu aliyekuja kumjulia hali jirani. Maswali aliyouliza hayakuhusu mashine. Jana kulinyesha? Njia uliyopita ilikuwa ya mawe au ya vumbi? Ulikuwa umebeba nini? Wenye haraka walimwona mvivu. Hata mimi nilimwona mvivu kwa wiki nzima, na nilimwambia hivyo mbele ya watu, maana nilikuwa seremala hodari na nilipenda wengine walijue hilo.

Tulikutana Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao. Kulikuwa na lori la magogo ambalo lilizima taa njiani na kuziwasha likifika nyumbani. Mafundi wawili walikuwa wamelifungua na kulifunga bila kuona kitu, kwa sababu kila wakiligusa, taa ziliwaka vizuri kabisa. Fundi alikalia debe lake siku mbili. Siku ya tatu akaomba lori lipakiwe magogo likiwa limesimama palepale uani. Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Lilipopakiwa gogo la mwisho, taa zikazima. Kulikuwa na waya uliopita chini ya bodi, na bodi ikilemewa iliubana. Lori likiwa tupu halikuwa na ugonjwa wowote.

"Huyu anaumwa akiwa na mzigo," alisema akijipangusa mikono. "Nyinyi mnampima akiwa amepumzika."

Nilicheka na wengine, lakini si kwa sababu ya lori. Nilicheka kwa sababu ya hilo neno "huyu". Mimi nilisoma misheni miaka minne, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na fimbo nyembamba ya kufundishia ngeli. Lori ni hili, waya ni huu, betri ni hii. Kwa fundi wa stima vyote vilikuwa huyu. Betri amechoka. Waya anadanganya. Plagi ana baridi, mwacheni aote jua. Nilimsahihisha siku ile ya kwanza, nikaendelea kumsahihisha karibu mpaka mwisho, naye hakukasirika hata mara moja.

"Sema 'waya unadanganya', Fundi."

"Sawa, Mwalimu. Waya unadanganya. Lakini yeye ndiye anadanganya, si mwingine."

Ndivyo alivyokuwa. Aliyakubali maneno yangu yote, kisha akaendelea na yake.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya jeshi iliyopoteza rangi. Jeshini ndiko alikojifunza kazi, akivuta nyaya za simu misituni upande mwingine wa dunia, na kuhusu vita hakusimulia zaidi ya hapo. Ukimuuliza kwao ni wapi alisema, "Nilipoweka sanduku langu." Hakuwa wa kabila langu, hilo lilijulikana, kwa hiyo hakuhitaji zile karatasi ambazo sisi Wakikuyu tulizihitaji miaka ile ya Emajensi, serikali ya kikoloni ilipotushuku sote, ili kukaa shambani, kutoka shambani, hata kuvuka barabara kumwamkia shemeji.

Vyombo vyake vilienea kwenye mfuko wa unga. Spana tatu, kisu kidogo, koleo, balbu ya tochi aliyoifunga nyaya mbili ili imwonyeshe stima ilipo, na kijiti cha mwanzi. Kijiti hicho ndicho kilichokuwa daktari. Mashine ikiwa inanguruma aligusa nacho waya mmoja mmoja, polepole, akiusukuma kushoto na kulia, sikio limeelekea injini. Hakugusa nyaya mbili kwa pamoja. "Ukitikisa wawili," alisema, "ukipata jibu hujui nani amejibu." Na alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu ambamo aliandika kila mara mashine ilipokosea: saa ngapi, jua au mvua, injini ilikuwa ya moto au baridi, nani alikuwa karibu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kama njia ya kuku, lakini hakuruka siku.

Kilichomuudhi ni kuona mtu akiipiga mashine. Niliwahi kuipiga redio ya mpishi wa kiwanda kofi la ubavuni, ikaimba. Fundi akanitazama kama nimempiga mtoto wa wenyewe. "Sasa umemfundisha kunyamaza," alisema. "Kesho atanyamaza na ugonjwa wake ndani." Lakini tochi yake mwenyewe haikuwaka asipoigonga pajani mara tatu. Nilimuuliza mbona haitengenezi. Akasema wanajuana.

Alikuwa na vituko vingine vya namna hiyo. Alitengeneza redio za nusu ya Nakuru na hakusikiliza hata moja, alisema zina maneno mengi. Chai aliipenda ikiwa imepoa kabisa, na ukimpa ya moto aliiweka kando akaendelea na kazi mpaka itande utando juu. Kanisani aliimba sauti ya chini ambayo haikulingana na ya mtu yeyote, kwa furaha kubwa. Na aliogopa kupanda juu. Ngazi ya hatua nne ilimtoa jasho. Taa ya juu ya mlango ikiharibika alinituma mimi nipande, yeye akabaki chini akiishika ngazi kwa mikono miwili na kuniambia la kufanya.

Jambo ambalo wote waliomfahamu watalikumbuka ni maneno yake mawili. Mashine ikirudi kufanya kazi, mwenyewe alifurahi na kuuliza, "Fundi, imepona?" Kama alikuwa ameona kwa macho yake kilichoiharibu, amekishika mkononi, alisema, "Amepona." Kama ilianza kufanya kazi tu, labda kwa kukazwa hapa na kusukumwa pale, bila yeye kukiona chanzo, alisema, "Amenyamaza." Hakuna aliyeweza kumvuta kutoka neno la pili kwenda la kwanza. Nimewaona watu wakimbembeleza. Mama mmoja mwenye duka alimwambia, "Si useme tu imepona, moyo wangu utulie." Akajibu, "Mama, akipona nitakuambia. Kwa sasa amenyamaza." Na kwa kweli redio ya mama yule ilikatika tena Jumapili iliyofuata.

Nimeeleza haya yote ili nifike kwenye ndege.

Bwana mmoja wa Dundori, mzungu aliyerusha ndege wakati wa vita, aliamua kujitengenezea ya kwake. Aliijenga kwenye ghala lake la kukaushia maua ya pareto, kwa mbao na kitambaa, akitumia michoro iliyokuja kwa posta na injini aliyoing'oa kwenye gari dogo. Tulimwita Bwana Ndege hata kabla haijawa na bawa. Alinitafuta mimi kwa ajili ya mbao, na nilipoona kazi ya nyaya imemshinda nikamwambia namjua mtu. Hivyo tukawa wawili, mimi na Fundi wa stima, ndani ya ghala lenye harufu ya pareto na gundi, karibu mwaka mzima. Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nilichonga mbavu za mabawa nyepesi hata ungeweza kuzipuliza mezani. Fundi alizunguka na nyaya zake akinung'unika. Bwana alikuwa mpole, ila Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, na akiongea na Fundi nilishika kichwa. Mmoja alizivunja ngeli, mwingine alikuwa hajawahi kusikia habari zake.

Jambo lililomsumbua Fundi mwanzoni ni kwamba ndege ilikuwa ya mbao. Alinieleza kwa mfano wa maji yanayozunguka na kurudi. Stima ikitoka kwenye betri lazima irudi kwenye betri. Kwenye lori inarudi kupitia bodi ya chuma, kwa hiyo unafunga waya mmoja tu wa kwenda, chuma kinarudisha. Mbao hairudishi kitu. Kila taa, kila saa ya kupimia, na ile koili inayowasha moto wa injini, vyote vilihitaji waya wa kurudi. Basi akazileta nyaya zote za kurudi mahali pamoja, nyuma ya injini, akazifunga kwa bolti moja kwenye kibati cha shaba. Kibati alikiweka juu ya nguzo yangu ya mbao, kwa kuwa hapo palikuwa na nafasi. Aliking'arisha mpaka ukajiona uso.

Na hapa naingia mimi na uhodari wangu. Nilikuwa napaka vanishi tabaka la mwisho. Nguzo ile ilikuwa imetoka vizuri mno, na kibati kiliniharibia mstari wa brashi. Fundi alikuwa ameenda mjini. Nikachukua spana, nikailegeza bolti yake, nikanyanyua ncha za nyaya, nikapitisha vanishi chini yake vizuri kabisa, shaba na mbao pamoja, nikarudisha nyaya na kuikaza bolti kama nilivyoikuta. Ilipokauka ilipendeza. Sikumwambia mtu, kwa sababu kwangu halikuwa jambo la kusema. Seremala akimaliza kupaka hapigi tarumbeta.

Injini ikawashwa. Asubuhi iliimba. Bwana akaipeleka huku na huku kwenye uwanja wa nyasi, anasimama, anageuka, hakuna tatizo. Alasiri ikazima ghafla katikati ya uwanja. Walipoisukuma kurudi ghalani, ikawaka. Kesho yake asubuhi nzuri, alasiri ikazima tena. Siku mbili ikakaa salama kabisa, Bwana akasema tatizo limekwisha, Fundi akasema, "Amenyamaza." Siku ya tatu Bwana akaipandisha juu kidogo, kimo cha mwerezi, ikazima ikiwa hewani. Akaishusha kwenye pareto. Bawa lilikwaruzika, naye akatoka akicheka, lakini siku hiyo hakuipanda tena.

Jioni ile akaja jirani yake, mzungu mwenye ng'ombe wengi ambaye pia alikuwa askari wa akiba. Alizunguka ndege mara mbili akiwa na bastola kiunoni. Halafu akamwambia Bwana, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, "Hii hapana ugonjwa. Hii iko mkono ya mtu. Asubuhi mzuri, mchana nakufa? Mtu naingia hapa, nafanya kidogo-kidogo." Akanitazama mimi. "Nyinyi Kikuyu mnajua kitu hii."

Bwana akasema hapana, huyu ni seremala wangu. Jirani akasema basi chanzo kionyeshwe kabla ya Jumamosi, na kisipoonyeshwa atanichukua na lori lake kwenda skrini, ile kambi ya mahojiano, waniulize vizuri. Nilikuwa na mke na watoto wawili kwenye nyumba za wafanyakazi. Tulijua waliochukuliwa kwa sababu ndogo kuliko ndege. Wengine walirudishwa rizavu, kwenye ardhi iliyotengewa kabila, na vitanda vyao kichwani, wengine hatukusikia habari zao tena. Niliogopa sana. Sioni haya kusema kwamba usiku ule sikula.

Fundi hakunifariji. Alichukua debe, akaketi mbele ya injini, akafungua daftari. Alikaa Jumatano nzima. Alhamisi baada ya chakula cha mchana akaniita.

"Seremala, kuja hapa. Huyu hajawahi kuzima kabla ya saa nane. Hata siku moja. Na zile siku mbili alinyamaza, kulikuwa na mvua. Mimi najua stima, sijui mbao. Mvua ikinyesha, mbao anafanya nini?"

"Mbao inanenepa," nikasema. "Inakunywa unyevu."

"Na jua akiwaka?"

"Inakonda."

"Na hapa injini anampulizia moto mgongoni." Akaelekeza kijiti chake kwenye nguzo yangu nzuri. "Mbao akikonda, bolti aliyemshika anakuwaje?"

Akaweka vidole viwili kwenye kichwa cha bolti, akaizungusha bila spana. Ilikuwa imelegea. Na mimi nilipoinama kuangalia niliiona, chini ya ncha za nyaya zake, rangi ya asali, imepasuka vipande vipande. Vanishi yangu. Kumbe asubuhi mbao ikinenepa bolti ilizikandamiza nyaya hata zikaigusa shaba kwenye zile nyufa. Alasiri mbao ikikonda, nyaya zililala juu ya vanishi, na vanishi hairudishi stima, mpaka kusukumwa kuzitikise zirudi kwenye ufa. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli. Ulikuwa wangu.

Nikisema nilifungua bolti ile, nani angesikiliza habari ya mstari wa brashi? Jirani angesikia neno moja tu, kwamba Mkikuyu alishika spana.

"Niletee msasa kwenye sanduku lako," Fundi akasema, hakunitazama. "Ule laini."

Nilienda. Sanduku langu lilikuwa mwisho wa ghala, na sikuona sababu ya kukimbia. Niliporudi alikuwa amenipa mgongo na kisu kiko mkononi, akausugua ule msasa kidogo juu ya shaba iliyokuwa tayari inang'aa, akairudisha bolti. Nilijiambia kwamba hakuona. Jicho lake lilikuwa la stima, nilijiambia, si la vanishi.

Ijumaa asubuhi Bwana na jirani yake walikuja. Fundi akampa jirani spana ajaribu bolti. Haikusogea, maana ukungu wa Dundori ulikuwa umeinenepesha mbao usiku kucha. Akamwomba anywe chai, ashinde hapo, mtu yeyote asiikaribie ndege, injini iwashwe juani. Saa nane akamwambia aijaribu tena. Jirani akaweka spana na bolti ikazunguka kama ya mchezo.

"Hakuna mtu aliingia," Fundi akasema. "Ni jua tu aliingia."

Jirani akakunja uso. "Nani nafunga hii kwa mbao?"

"Mimi," Fundi akasema. "Bolti ya stima hafungwi kwa mbao. Ni makosa ya mimi." Na akafungua daftari akawaonyesha alivyoandika, kwa ule mwandiko wa kuku: kosa la fundi wa stima.

Jirani aliondoka bila kuaga. Fundi akakihamishia kibati kwenye chuma cha kushikia injini, akaweka washa ya springi ili bolti isilegee, akakaza. Injini ikanguruma mpaka jua likaelekea kuzama na haikukohoa. Bwana akaja mbio kama mtoto. "Fundi! Yeye napona?"

Fundi alikuwa anapangusa mikono. Akageuza macho upande wa injini, pale niliposimama na kopo langu la vanishi.

"Amenyamaza," akasema.

Uso wa Bwana ulianguka, na wangu pia. Alikuwa ameona chanzo, amekitaja, amekionyesha kwa wazungu wawili, na bado anasema amenyamaza? Bwana akasema basi harushi. Fundi akavua kofia, akaitia mfukoni. "Twende wawili," akasema. "Mimi nakaa nyuma." Mtu huyu aliyetokwa jasho kwenye ngazi ya hatua nne. Aliingia kwenye kiti cha nyuma midomo ikiwa imekauka, wakapaa juu ya Dundori, wakazunguka mpaka walipoliona ziwa, wakarudi salama. Tulimuuliza ziwa linaonekanaje ukiwa juu. Akasema hajui, alifumba macho tangu magurudumu yalipoacha nyasi.

Ndege ile iliruka vizuri. Pasbuku yangu, kile kitabu cha ruhusa, ilibaki kwa Bwana, mke wangu akalima viazi vyake, watoto wakakua. Lakini ile barua ambayo Bwana alikuwa amemwahidi Fundi, ya kumwombea kazi kwenye karakana ya ndege Nairobi, haikuandikwa. Bwana alisema kwa upole kwamba mtu anayefunga bolti kwenye mbao bado ana la kujifunza. Nilikuwepo aliposema. Nilikuwa napanga patasi zangu kwenye sanduku, nikazipanga mara ya pili. Fundi akasema, "Sawa, Bwana," akachukua mfuko wake wa unga, na mwezi uliofuata akahamia Gilgil. Tangu ile Ijumaa mpaka alipoondoka sikuwahi kumsahihisha ngeli hata moja. Yeye ndiye aliyeliona hilo, mimi sikuliona mpaka aliponiambia baadaye.

Nilimpata tena miaka ile ikiwa karibu kwisha. Emajensi ilikuwa imelegea na tulianza kutembea bila kuulizwa kila hatua. Nilipata kazi ya milango Gilgil, na mtu akaniambia kuna mzee wa redio karibu na kambi ya jeshi. Mzee! Hakuwa na miaka hamsini. Nilimkuta amekalia debe mbele ya kibanda chake, mbele yake redio ya askari, pembeni kikombe cha chai chenye utando. Kofia ni ileile. Alifurahi sana kuniona, akaniita ndani, akaniambia nimenenepa kama mbao ya Julai. Tulicheka. Alionekana mtu aliyeridhika. Wake wa askari walimletea redio na mayai, alisema, na hapo Gilgil hapakuwa na kitu kirefu cha kupanda.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia tangu nilipoteremka kwenye treni, lakini niliongea kwanza habari za viazi, na watoto, na Bwana, ambaye sasa alikuwa anauza shamba. Maneno yalipokwisha nikasema.

"Fundi, ile bolti. Mimi ndiye niliyeifungua. Nilipaka vanishi chini ya nyaya zako ili mstari unyooke. Haikuwa mbao peke yake. Nilijua siku ile, nikakuacha ubebe. Na ile barua ukaikosa kwa sababu yangu."

Alikuwa na kijiti cha mwanzi mkononi. Akakiweka chini.

"Najua," akasema. "Vanishi alikuwa na unywele wa brashi yako ndani. Nilikwangua wewe ukienda kuleta msasa. Msasa nilikuwa naye mfukoni."

Niliona haya, na niliona raha, vyote kwa mara moja, mpaka macho yakanilowa.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema hapana. Halafu ungekuwa na makosa mawili."

Kisha nikamuuliza kitu kilichonikereketa miaka yote. "Lakini kama uliona vanishi, uliona bolti, uliona kila kitu, mbona ulimwambia Bwana amenyamaza? Ndege ilikuwa imepona."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, halafu akaanza kucheka, ile sauti yake ya chini isiyolingana na ya mtu.

"Wewe Mwalimu wa ngeli," akasema. "Ndege alipona Ijumaa hiyohiyo, ndiyo maana nilipanda. Mimi nilikuwa nimekuangalia wewe."

Nikaikumbuka ile jioni ghalani, na macho yake yalikoelekea. Miaka yote nilimcheka kwa kuiita mashine mtu, hata siku aliponitaja mimi nikadhani anaitaja mashine. Alichukua kikombe, akaondoa utando kwa kidole, akanywa. Redio ya askari ilikuwa bado imefunguliwa tumbo. Nikamuuliza, "Na sasa?"

Alinisikiliza kwanza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Amepona," akasema.

Nilitafuta kosa la ngeli katika neno lile. Halikuwepo.